Kofia ya Mwezi wa Nane

Nilipomaliza chuo kikuu Nairobi nilirudi Mombasa na sanduku la vitabu, shahada ambayo hakuna aliyekuwa na haraka nayo, na maradhi ya kuuliza maswali. Maradhi yenyewe yalikuwa ya tangu utoto, chuo kiliyanenepesha tu. Mama akisema mvua itanyesha kwa sababu siafu wametoka, mimi nilitaka kujua siafu wamepata wapi habari. Redioni wakisema uchumi unakua, niliuliza unakulia nyumba ya nani. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, sina kazi, na hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote za mtu anayetaka sababu ya kila jambo, kwa maana ana siku nzima ya kuitafuta.

Nyumba yetu ilikuwa Mji wa Kale, kwenye kichochoro cha nyuma ya Ndia Kuu, juu ya duka la fundi wa saa. Tuliishi wanawake watatu: nyanya, mama, na mimi. Baba alifariki tukiwa wadogo. Dada yangu alikuwa ameolewa na karani wa bandarini, wakapanga chumba Majengo, na alipotimiza mwezi wa saba wa mimba yake ya kwanza akaletwa nyumbani na begi la nguo, kama desturi ilivyo. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa mikononi mwa mama wa mzazi, na mzazi hatoki hapo mpaka arobaini yake iishe. Mume huja jioni na matunda, huketi sebuleni kama mgeni, hunywa kahawa, hurudi kwake.

Dada alikuwa kinyume changu. Mimi nikiuliza, yeye akicheka. Mimi nikizunguka nyumba nzima nikitafuta mahali pa kuketi, yeye alikuwa anaketi penye dirisha, miguu juu ya kigoda, akishona. Alikuwa akimshonea mumewe kofia ya mkono, ile ya vitambaa viwili vyeupe inayotobolewa matundu madogo madogo, kila tundu likazungushiwa uzi mpaka kofia nzima iwe kama maua. Ni kazi ya miezi. Alitaka mumewe aivae siku ya akika, mtoto atakapochinjiwa mbuzi. Uzi ulitoka Biashara Street, duka lile lile mama alikonunua uzi wa kofia za baba, na jina la duka hilo lilitajwa kwetu kwa heshima kama jina la ukoo.

Nyanya ndiye aliyemfundisha. Wakati huo macho yake yalikuwa yameingia ukungu, mtoto wa jicho pande zote mbili, akiona mwanga na vivuli. Lakini kila alasiri dada alimpelekea kofia, naye akaipitisha baina ya vidole polepole, safu baada ya safu, midomo ikicheza kama anasoma. Akimaliza alisema "Inshallah" tu. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake kubwa.

Miezi hiyo nyumba ilitawaliwa na adabu moja: shida ya mja mzito haitamkwi. Neno huumba. Ukisema fulani amevimba, umeuita uvimbe. Ukisema yuwaumwa, umeyapa maradhi anwani ya nyumba. Kwa hiyo mgeni aliingia, akasema mashallah, akasifu, akanywa kahawa, akaenda zake. Na mja mzito mwenyewe akiulizwa hali hujibu alhamdulillahi, hata kama hakulala.

Mimi adabu hiyo ilinikera.

"Nyanya," nilimwambia siku moja, "kama neno huumba, mbona weye kila siku wasema hutafika kesho, na kila kesho wafika?"

"Kwa sababu malaika hawanisikii," akasema. "Kelele zako zimewaziba masikio."

Dada akacheka mpaka akashika ubavu. Nakumbuka alivyoushika, upande wa kulia, chini ya mbavu, na mkono ukabaki pale muda baada ya kicheko kwisha. Nilidhani ni kicheko.

Mwezi wa nane ulipoingia, jirani yetu wa ng'ambo ya kichochoro alikuja na sahani ya mahamri. Alimtazama dada usoni, akaridhika.

"Mashallah. Amenawiri, uso umejaa. Huyo ni wa kike. Wa kike humpendezesha mamake."

"Juzi kwa bintiyo si ulisema wa kike humwibia mamake uzuri?" nikauliza.

"Huyu msomi wenu," akamwambia mama, "mtamwozesha nani?"

"Ntamwozesha wakili," mama akasema. "Wabishane wenyewe."

Tukacheka sote. Lakini jirani alipoondoka nilimtazama dada tena. Uso ulikuwa umejaa kweli, ila si kama mtu anavyonenepa. Ngozi ilikuwa imevutwa na kope zimekuwa nzito, kama za mtu aliyelia usiku kucha. Miguu yake ilikuwa imevimba tangu mwezi uliopita, na hilo hata mimi nilijua ni la kawaida kwa wajawazito. Uso ulikuwa jambo jipya, la siku chache. Na pete ya ndoa, ambayo tangu harusi ilikuwa kubwa kidogo akiizungusha kila akifikiri, sasa ilikuwa imezama kidoleni.

"Pete yakubana?"

"Joto," akasema bila kuinua kichwa. "Mombasa nzima imevimba."

Jibu lilikuwa na mantiki. Ilikuwa kabla ya mvua, na hata milango ya mbao ilikuwa imefura haifungiki.

Siku iliyofuata, baada ya Adhuhuri, dada alijilaza. Siku hizo alikuwa akilala mchana sana, chumba kimefungwa madirisha, leso mbichi juu ya kipaji. Mama alikuwa jikoni. Nilipita sebuleni nikamkuta nyanya ameketi kwenye mkeka, kofia ya dada mapajani, na kwa ncha ya sindano anafumua. Alikuwa anafumua safu nzima, tundu kwa tundu, kwa vidole tu, macho ameyaelekeza ukutani.

Nikachuchumaa mbele yake. "Wafumuani?"

"Uzi mbaya."

"Uzi ni ule ule."

"Basi ni jasho la mkono, kwa hili joto."

Nilichukua kofia nikaitazama. Safu za chini zilikuwa sawasawa, matundu yamepangana kama meno ya mtoto. Safu za juu, zile za siku za karibuni, zilipanda zikashuka. Tundu moja kubwa, jingine limezibwa, mahali pengine sindano imepita kando kabisa ya kitambaa. Dada yangu, aliyekuwa akishona huku akisimulia hadithi bila kutazama, ameshona kama mtu aliyefunikwa macho.

"Tangu lini?" nikauliza.

Nyanya akainyoosha mikono akaichukua kofia, vidole vikarudi kwenye uzi. Ndipo nilipoelewa kwamba hiyo haikuwa mara ya kwanza. Alasiri anaipokea, anaipapasa, anasema inshallah, na kesho yake dada akilala anaifumua ili asione aibu.

"Nyanya, nini hasa? Nipe jibu."

"Nimekupa mawili, yote umeyakataa."

"Kwa sababu yote mawili ni ya uongo."

Mtu mwingine angenifukuza pale. Yeye aliiweka sindano ndani ya kitambaa taratibu, akaiweka kofia kando.

"Sikiza," akasema. "Mimi nimelelewa nisiseme, na mamako nimemlea asiseme. Kwa hivyo mimi sisemi neno. Lakini anayeuliza hakusema. Anayeuliza hakuumba kitu, yuwauliza tu. Sasa weye Mungu kakupa mdomo wa kuuliza, na miaka yote twakwambia nyamaa. Leo sikwambii nyamaa. Enda ukamuulize ndugu yako. Na mamako muulize. Uliza hata mambo ya kipumbavu."

Nimesoma vitabu vingi kabla ya siku ile na baadaye. Sijapata kuona mtu akifungua mlango ndani ya ukuta alioujenga mwenyewe, bila kuvunja tofali moja, kama nyanya yangu alivyofanya alasiri ile.

Nilimwita mama kutoka jikoni, mikono ina unga. Nikaingia naye chumbani, nikafungua dirisha moja. Dada akaufunika uso kwa leso.

"Funga, mwanga waniumiza."

"Waumiza nini? Macho au kichwa?"

"Ah, njoo uketi, usinianze."

"Nauliza tu. Kichwa chauma?"

Akamtazama mama. Mama akatazama sakafu. Kutoka sebuleni tukasikia sauti ya nyanya: "Mwacheni aulize. Akiulizwa, ajibu."

"Chauma," dada akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu wiki iliyopita. Chapungua nikinywa dawa, kisha chaja. Sasa dawa hakiisikii."

"Na macho?"

Akaiondoa leso usoni. "Naona vitu."

"Vitu gani?"

"Vyametameta. Kama cheche za fundi wa kuchomelea vyuma. Nikiinamia kofia ndipo vyazidi."

Mama akaketi kitandani. "Aliniambia," akasema kwa sauti ndogo. "Siku tatu nyuma. Nikadhani ni jicho la watu. Nikaenda kwa maalimu akaniandikia kombe, nikampa anywe." Kombe ni aya zilizoandikwa kwa zafarani juu ya sahani, zikaoshwa kwa maji ya waridi. "Sikutaka kuwatia hofu."

"Na ubavu?" nikauliza. "Ule uliokuwa ukiushika ukicheka."

"Hapa juu ya tumbo, upande huu. Nilisema ni achari."

"Pete yatoka?"

Dada aliunyosha mkono, akaijaribu mbele yetu. Pete haikusogea. Ndipo akaanza kulia, polepole, bila sauti. Nikafahamu kwamba hakuwa akilia kwa maumivu. Alikuwa amejua. Sote tulikuwa tumejua, kila mmoja kipande chake: mama cheche, nyanya matundu, mimi pete, yeye kichwa. Kila mmoja alikuwa amekificha kipande chake kwa sababu ya mapenzi, na hakuna aliyepata kuviona pamoja.

"Kliniki walitwambia," dada akasema. "Yule nesi alisimama akatwambia sote kwenye benchi: kichwa kisichopoa, macho kumetameta, uso na mikono kuvimba ghafula, maumivu hapa juu ya tumbo. Akasema hata moja tu katika hayo, njoo siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kadi. Lakini siku ile walinipima presha, ilikuwa sawa. Nikasema maneno hayo ni ya wengine. Kisha yalipokuja, yalikuja moja moja."

"Kliniki yako ni Alhamisi," mama akasema. "Yamebaki masiku kidogo tu."

"Kasema siku hiyo hiyo," nikasema.

"Na mumewe hajui. Twamtoaje mke wa mtu bila ya yeye kujua?"

"Mumewe akija nitampokea mimi," nyanya akasema kutoka sebuleni. "Kahawa nitampa na habari nitampa. Nendeni."

Gari haliingii kichochoroni kwetu. Tulimvisha dada buibui, tukamshika huku na huku, tukashuka ngazi moja moja. Fundi wa saa alisimama dukani na kioo chake jichoni, akatuona tulivyomshika, na bila kuuliza kitu akatoka mbio kutusimamishia teksi barabarani. Hata leo namshukuru mtu yule kwa kutotaka maelezo. Mimi nisingeweza.

Hospitalini, kwenye chumba cha wajawazito, nesi alimfunga dada kitambaa cha kupimia presha mkononi, akapuliza, akasikiliza. Akalegeza. Akamwambia atulie, apumue, akapuliza tena. Kisha akasema nambari mbili kwa sauti ya kawaida, na nesi wa pili akaacha alichokuwa akifanya akaja.

"Ziko juu sana?" nikauliza.

"Ziko juu."

"Mashine haiwezi kuwa imekosea?"

Mama akanifinya. Nesi, mama wa makamo mwenye lafudhi ya Kigiriama, alinitazama kama mtu anayepima samaki sokoni.

"Wewe ni nani wake?"

"Mdogo wake."

"Kunja mkono wa nguo."

Akanifunga kitambaa kile kile, akapuliza, akasikiliza. "Yako ni ya mtu mzima wa afya," akasema. "Mashine nzima, na mdomo wako mzima. Sasa mpeleke dada yako akatoe mkojo kwenye kichupa hiki."

Kijikaratasi kilichochovywa kwenye mkojo kilibadilika rangi. Nikauliza maana yake. Nesi huku akiandika akaniambia kwamba figo zinavujisha kitu ambacho hazipaswi kuvujisha, na kwamba presha ya mimba ndivyo inavyofanya. Kichwa na macho ni ubongo unaolalamika, ubavu ni ini. Nikauliza isipotibiwa huwaje. Akamtazama dada, akapunguza sauti: huleta degedege, na degedege huweza kumchukua mama na mtoto pamoja. Nikauliza husababishwa na nini. Akasema hilo hata wakubwa wake hawajui vizuri. Jibu hilo ndilo lililonifanya nimwamini kwa yote mengine.

"Mumefanya vizuri kuja leo," akasema. "Wengi huletwa wakiwa wameshaanguka."

Walimlaza kitandani penye utulivu, ubavu wa kushoto, wakamchoma sindano na kumpa dawa za kushusha presha. Daktari alikuja, akatueleza kwamba dawa ya kweli ya maradhi haya ni mtoto kutoka, lakini wangempa muda kidogo akue zaidi iwapo presha itakubali. Presha ilikubali kwa siku chache. Mume wa dada alikuwa akija na kofia yake ya zamani mkononi, akiikunja na kuikunjua, hajui aiweke wapi. Nyanya alikuwa amempokea siku ile kama alivyoahidi. Mume mwenyewe aliniambia baadaye kwamba nyanya alimwambia maneno haya tu: "Mkeo ni amana yako, na leo tumeipeleka mahali salama. Kunywa kahawa kisha uwafuate."

Asubuhi moja presha ikapanda tena, na daktari akasema hawangoji. Kabla ya upasuaji pete lazima itoke. Walijaribu sabuni, walijaribu mafuta, na nesi akaenda kutafuta mkasi wa kukatia. Mama akafungua mkoba wake. Mlikuwa na uzi wa kofia. Aliuchukua siku ile akidhani dada atataka kushona kitandani. Akaipitisha ncha yake chini ya pete kwa sindano, akaukaza kidoleni mzunguko baada ya mzunguko hadi kwenye kifundo, kisha akaanza kuufungua kwa chini, na pete ikapanda juu ya uzi kidogo kidogo mpaka ikatoka. Dada akasema "Alhamdulillahi" na safari hii alimaanisha.

Mtoto alikuwa wa kike. Jirani yetu hajaacha kujivunia mpaka leo. Alikuwa mdogo, mwekundu, mwepesi kuliko kuku wa Idi, akawekwa kwenye joto, na siku kadhaa hatukuthubutu kusema neno lolote juu yake, hata mimi. Dada waliendelea kumpima presha baada ya kuzaa, kwa sababu, nesi alisema, ugonjwa huu hauagi mlangoni. Waweza kugeuka ukarudi hata mama ameshajifungua. Haukurudi. Walitoka pamoja, mama na mtoto, na tukawapandisha ngazi zile zile moja moja.

Nimejiuliza mara nyingi ni nani wa kushukuriwa, na kwa tabia yangu nimeigawanya shukrani hiyo vipande vipande. Kipande cha nesi aliyesimama mbele ya benchi la wanawake wenye joto na usingizi akasema maneno yake, bila kujua ni nani anayesikia. Kipande cha fundi wa saa. Kipande cha mama, kwa uzi wake, na hata kwa kombe lake, maana ilikuwa hofu ya mama iliyovaa nguo iliyokuwa karibu. Mimi bado siamini kwamba neno huumba. Lakini siwacheki tena wanaoamini, kwa sababu nimeona walichokuwa wakikilinda.

Kipande kikubwa ni cha nyanya. Katika siku za arobaini wageni walipokuja, na miongoni mwao kukawa na mja mzito, nyanya alimgeukia dada akasema, "Muulize." Dada akaona haya, kisha akauliza: kichwa je, macho je, na pete yazunguka? Hakuna aliyekasirika, kwa sababu hakuna aliyesema neno baya, waliulizwa tu. Muda si mrefu swali la pete likaingia kwenye salamu za kichochoro chetu. Ungewasikia wanawake dirisha kwa dirisha: hujambo, mama hajambo, na pete yazunguka?

Kofia ilikamilika mtoto akiwa ameshaanza kucheka. Ilikosa akika, lakini Idi iliiwahi.

Miaka michache baadaye nilikuja nyumbani kutoka kazini Nairobi na mimba ya miezi sita, nimeolewa, si na wakili. Nyanya hakuwa akiona tena hata vivuli. Nilipiga magoti mkekani nikaushika mkono wake niubusu, na yeye, kabla hajaitikia salamu, akaugeuza wangu, akapapasa vidole mpaka akaipata pete. Akaizungusha. Ikazunguka.

"Kichwa?" akauliza.

"Kizima, Nyanya."

"Macho?"

"Mazima."

Akaniachilia mkono. "Mashallah," akasema. "Sasa keti, unisalimie."